Bi Mkubwa na Draya Iliyokataa Kuzima

Bi Mkubwa alikunja shuka bila kuitazama. Macho yake yalikuwa kwako wewe unayeongea naye, mikono inakwenda yenyewe, na shuka inatoka kona kwa kona kana kwamba imepigwa pasi. Mimi nikikunja shuka natoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilianza kumwonea wivu kwa mikono ile kabla sijamwonea wivu kwa mume.

Nasema wivu na sioni haya. Watu wakisikia nilikuwa mke wa pili hunikodolea macho wakitegemea niwaambie kwamba tuliishi kama dada na mdogo wake, au kwamba tuliwekeana sumu kwenye mboga. Hatukufanya lolote kati ya hayo mawili. Tuliishi kama wake wawili wa mume mmoja, na kama hujawahi kuwa mmoja wao huwezi kujua ni kazi kiasi gani.

Mume wetu, ambaye wote wawili tulimwita Mzee, alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Akileta vitenge, vinafanana. Akileta samaki sato wawili kutoka mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha, na akaona mmoja kazidi kidogo, anamkata mkia huyo mkubwa mbele yetu, ili tuone. Siku moja akapata mashine mbili za biashara kutoka kwenye hoteli iliyokuwa ikifungwa, moja ya kufulia na moja ya kukaushia, ile tunayoiita draya. Mtu mwingine angeziweka zote mahali pamoja akafungua duka moja la dobi. Mzee akapanga vyumba viwili vilivyoshikana mtaa wa Mirongo, hapa Mwanza. Mashine ya kufulia akamwekea Bi Mkubwa chumba cha upande wa kulia, draya akaniwekea mimi chumba cha kushoto. Kila mtu na mashine yake na ufunguo wake. Akajifuta mikono, akaona haki imetendeka.

Basi nguo za gesti zilifuliwa kwake, zikatoka kibarazani ndani ya beseni, zikaingia kwangu kukauka, kisha zikarudi kwake kukunjwa, kwa sababu mimi na kukunja nimeshasema. Hakuna aliyeweza kupata mteja bila mwenzake. Ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba hivi kwamba nilimsikia akipiga chafya, na yeye alilisikia pipa la draya yangu likizunguka kutwa nzima.

Nilikipenda chumba kile. Nyumbani Buzuruga kila kitu kilikuwa cha Bi Mkubwa kabla hakijawa changu. Jiko lilipangwa kwa urefu wa mkono wake, na majirani walipotuma watoto kuomba chumvi waliwaambia waende kwa Bi Mkubwa, hata kama chumvi ilikuwa kwangu. Mirongo ndiko kulikuwa mahali pa kwanza tangu niolewe ambapo mtu akitaka kuingia anabisha hodi, na anayeitikia karibu ni mimi. Sikutaka kitu kingine duniani ila kile chumba kibaki changu.

Salamu zake zilikuwa shule nzima. Mimi nilimwamkia kila asubuhi, maana alinizidi umri kwa mbali. "Shikamoo, dada." Alikuwa anaivuta ile marahaba polepole, kama mtu anayetoa kitu kabatini na hajaamua bado kama akupe. Kisha anaongeza, "Umeamka?" Mimi niko mbele yake, nimeoga, nimevaa, nimebeba beseni. Nimeamka! Lakini alivyouliza, ulijikuta unajikagua kama kweli umeamka.

Alikuwa mtu wa Kagera, na hakuruhusu mtu yeyote asahau. Kwenye pochi yake hakukosa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na mteja akikaa kwenye benchi lake anawekewa punje kiganjani kabla hajasema ameleta nini. Wakati wa senene alipotea siku nzima, akarudi na ndoo, akawakaanga, akawagawia watu wa kibarazani wote. Mimi nilipewa mwisho, kwenye kifuniko cha sufuria. Nikasema sili panzi. Nilikuwa nawapenda sana senene, na hadi leo sijui nani nilimkomoa.

Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya harusi yake kanisani, shela nyeupe, maua, Mzee amesimama kama mti wa bendera. Mimi niliolewa nyumbani kwetu Ukerewe, ng'ombe walifika, wazee wakala, ikaisha. Hakuna aliyepiga picha. Kila nilipopeleka kitu sebuleni kwake niliitazama ile picha, na kila mara aliniona nikiitazama, na hata siku moja hakusema neno. Angesema ningepata la kujibu.

Jambo lililonikera kuliko yote ni uhakika wake. Alikuwa na uhakika na kila kitu, hasa kile alichokosea. Kuna wakati kwaya ya parokia ilileta majoho meupe yafuliwe, na yeye akayaingiza mashine pamoja na kitenge kipya cha zambarau ambacho hakikuwa kimetulia rangi. Yakatoka kama maua ya mjakaranda. Mimi ningekimbilia Ukerewe kwa boti ya jioni. Bi Mkubwa aliyakunja vizuri, akamkabidhi mwalimu wa kwaya, na yule baba alipofumbua mdomo, akamwahi: "Kwaresima inakaribia, mwalimu. Mwaka huu mtaingia mkiwa na rangi ya kanisa." Yule baba akasimama, akafikiri, akashukuru. Akashukuru! Wakayaimbia Kwaresima nzima, na nasikia parokia nyingine ziliulizia wameyapata wapi.

Nisimnyime haki yake, asije mtu akasema namwonea. Mwanangu wa kwanza alipopata homa kali na Mzee yuko safarini, ni yeye aliyemfunga mgongoni na kukata naye mtaa kwa miguu hadi hospitali, bila kungoja usafiri, na mimi nikimfuata nyuma nikilia. Mtoto akapona. Lakini habari ile aliisimulia kibarazani kwa miaka, kwa kila mteja, na kila aliposimulia mimi nililia zaidi na njia ikawa ndefu zaidi. Mwishowe nilikuwa nagaragara barabarani. Huyo ndiye Bi Mkubwa. Anakupa kitu kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anakuita watu waje kukitazama.

Na Mzee? Mzee siku zake za kwangu alikuwa anakaa mezani pangu, anakula ugali wangu na samaki wangu furu wa kukaanga, kisha anauliza, "Mwenzako anasemaje kuhusu lile paa linalovuja?" Mwenzako anasemaje. Nilikuwa nimejisuka nywele mpya. Hakuziona. Kumbe hata akiwa kwangu alikuwa ameacha nusu yake kwa yule mwingine, wakati akiwa kwa yule mwingine sikuamini kama ananitaja hata jina.

Draya ilipokata mkanda kwa mara ya kwanza, Mzee alisimama katikati ya chumba changu, akagonga ukuta kwa kiganja, akasema bila ubaya wowote, "Hii ikikushinda nitauondoa huu ukuta, mwenzako asimamie vyote viwili. Wewe utapumzika nyumbani." Alifikiri ananihurumia. Tangu siku hiyo nilikuwa naipangusa ile mashine mara nyingi kuliko nilivyowapangusa wanangu pua.

Sasa nisimulie ilivyokataa kuzima.

Draya ile huipangii muda. Inazipapasa nguo yenyewe kwa ndani kadiri inavyozungusha, na ikiona zimekauka inasimama na kulia kengele. Ulikuwa msimu wa mvua, Mzee kaenda Geita kwa shughuli zake, na gesti tatu zimeleta shuka kwa pamoja. Nikajaza, nikafunga mlango, nikabonyeza, nikaendelea na kazi nyingine huku nikiisubiri kengele. Kengele haikulia. Nikafungua mlango, mashine ikasimama. Nikagusa shuka, za moto kiasi cha kuunguza vidole, nikadhani zimekauka kupita kiasi. Nikarudisha mlango na kubonyeza ili nione kama itazima yenyewe. Ikazunguka. Ikazunguka. Mita ya umeme inakimbia, chumba kimekuwa tanuri, nami nimekaa mbele yake nimeshika shavu.

Nikamwita fundi umeme wa mtaani. Akafungua nyuma, akachungulia kwa tochi ya simu, akatingisha kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Bodi imekufa, mama. Hii haijui tena kuzima. Labda upate bodi Dar, na sidhani kama wanayo." Nikamwomba asimwambie Mzee. Akasema hawezi kufanya hivyo hata siku moja, kwa uso wa mtu anayetafuta namba kwenye simu wakati huohuo.

Kesho yake nilifungulia redio kwa sauti kubwa, ili Bi Mkubwa asilisikie pipa. Niliweka kwaya, nikaweka taarifa ya habari, nikaweka mpira. Alisikia tu. Akaingia bila hodi. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia chumba changu bila hodi, na hasira ya jambo hilo ilinishika kabla ya woga.

"Bi Mdogo, mashine yako inazunguka tangu nilipokunywa chai. Nimeshakula na mchana."

"Nguo nzito, dada."

"Shuka za gesti ndizo nzito?" Akapunguza redio. "Imekuwaje?"

Ningeweza kudanganya tena. Lakini alikuwa ameshaweka pochi chini, na Bi Mkubwa akiweka pochi chini hajaja kusalimia. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya bodi. Sikumwambia habari ya ukuta, maana niliamini anaijua na anaisubiri. Nilimwona kabisa akipima kwa macho mahali atakapopanga beseni zake.

"Ni mlango," alisema papo hapo. "Haufungi vizuri, ndiyo maana haizimi." Akaupiga nyonga, ukalia pwaa. Akaufungua, mashine ikasimama. Akaufunga, akabonyeza, ikaondoka. Akafungua tena, ikasimama. "Si mlango," akasema, kama vile mimi ndiye niliyesema ni mlango.

"Basi zima kwenye meni swichi. Iache isahau."

Tukaizima. Tukakaa kwenye benchi. Akanipa punje za kahawa, nikazipokea, tukatafuna tukisubiri mashine isahau. Tulipoiwasha ikakumbuka kila kitu.

Wazo lililofuata lilikuwa langu, na naomba liandikwe hivyo. Nilitoa zile shuka zote, nikachukua taulo kavu zilizokuwa kwenye shelfu zikisubiri kuchukuliwa, nikaziingiza, nikabonyeza. Pipa likazunguka kidogo tu. Kengele ikalia. Kimya.

Tukatazamana.

"Kumbe inajua kuzima," alisema.

"Inajua. Fundi kadanganya."

"Basi ilikuwa inasubiri."

"Inasubiri shuka zikauke," nikasema, "na shuka hazikauki."

Hapo akanielekezea kidole kabla sijaendelea. "Usiniambie ni mashine yangu haikamui."

Ndicho hasa nilichokuwa naomba kiwe. Nilikiomba kwa moyo wote. Nikachukua shuka moja iliyotoka kwake muda ule, nikaikamua kwa nguvu zangu zote juu ya sakafu kavu, nikitaka hata tone moja. Halikutoka. Alikuwa amezikamua vizuri, kama kawaida yake. Nilichukia, nakwambia, kukosa tone la maji.

Ni yeye aliyeona kioo cha mlango kinatoka jasho kwa ndani. "Moto upo," alisema. "Unyevu nao upo. Mbona hautoki?" Na mimi ndiye niliyejua unapaswa kutokea wapi, kwa kuwa nilikuwepo Mzee alipotoboa ukuta: bomba la kutolea hewa lilipita nyuma ya nyumba, kwenye kichochoro kati ya ukuta na jabali. Watu wa Mwanza tunajenga hivyo, jabali likikataa kuondoka tunalifanya ukuta wa uani. Tukajipenyeza kwa ubavu, mimi mbele na yeye nyuma akilaumu kifua chake. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Hapakuwa na pumzi yoyote.

Pale mdomoni palikuwa pamefungwa kitambaa, kimekazwa kwa kamba ya katani. Manyoya yote ya nguo yaliyotoka ndani ya pipa yalikuwa yamenata hapo, yakashikana, yakawa mazito kama godoro. Hewa isingepita hata kwa dawa. Ingewaka moto siku moja na sisi tukiwa ndani. Nikakata kamba, nikakivuta, na chini ya yale manyoya nikaona ni chandarua. Cha buluu. Chenye kiraka cha mraba kwenye kona, kilichoshonwa kwa uzi mwekundu.

Nilikijua kiraka kile. Kwa miaka nilikuwa nakiona kwenye kamba ya nguo Buzuruga, kila Bi Mkubwa alipofua matandiko yake. Kilikuwa chandarua cha kitanda chake. Chake na Mzee. Na mimi, badala ya kufikiria mashine, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba basi amenunuliwa kipya.

"Hiki ni chako," nikasema.

Akakitazama. "Ni changu."

"Umeniziba!"

"Nimeziba vidudu." Hakupandisha sauti wala hakushusha. "Msimu uliopita vidudu vya ziwani vilikuwa vinaingia kwenye bomba lako ukizima mashine. Shuka zinakuja kwangu kukunjwa zina madoadoa meusi, nazifua upya mimi, si wewe. Nikaja nikafunga. Nikasahau."

Kila anayekaa karibu na ziwa anavijua vidudu vile. Vinainuka majini kama moshi, upepo ukivileta mjini unafumba mdomo na kuanua nguo. Kila mtu ana namna yake ya kuvizuia na kila mtu anatumia chandarua, kwenye dirisha, kwenye mtungi, kwenye uso wa mtoto. Kukifunga kwenye bomba la draya kungeweza kumjia mtu yeyote wa kwetu. Lakini kilimjia yeye, kwenye bomba langu, bila kuniambia.

"Ungeniambia," nikamwambia.

"Ungekataa. Kila ninachosema mimi unakataa. Hata senene ulikataa, na jioni ile ulikuja kulamba sufuria."

Kumbe aliniona. Damu ikanipanda. Nilikuwa nimembana kwenye kichochoro, ushahidi nimeukumbatia kifuani, na bado yeye ndiye alikuwa juu. "Mzee akirudi nitamwonyesha," nikasema. "Nitamwonyesha kiraka. Ajue nani anaharibu mali."

"Mwonyeshe."

"Nitamwonyesha!"

"Kisha?" Alikuwa anajipangusa manyoya kwenye mikono, moja moja. "Kisha ataondoa ukuta, si ndivyo alivyokuambia? Nilimsikia, ukuta wenyewe karatasi. Ama atanipa mimi vyote ama atakupa wewe, na mmoja atakaa nyumbani. Mimi sitaki vyote, miguu yangu siyo. Na wewe ukikaa nyumbani, unamjua Mzee. Akiona amempumzisha mmoja, ataona kuna nafasi. Ataleta mwingine, na atamgawia haki yake na yeye." Akanitazama kwa yale macho ya kukunjia shuka. "Waitu, ndugu yangu, wewe nimeshakuzoea. Sina umri wa kuanza kumzoea mtu upya."

Nilitamani kukasirika zaidi na sikuipata njia.

Tukarudi ndani, nikakitupa chandarua sakafuni, tukarudisha shuka, tukabonyeza. Pipa halijamaliza hata mizunguko ya kutosha, gari la Mzee likasimama nje. Fundi alikuwa amepiga simu, bila shaka. Mzee akaingia na vumbi la Geita kwenye kofia, akanitazama mimi, akamtazama mwenzangu, akaitazama mashine.

"Nimeambiwa haizimi."

"Karibu kwanza," alisema Bi Mkubwa. "Kaa. Itazima."

Hakuna aliyekuwa na uhakika isipokuwa yeye, na nimeshasema uhakika wake ulivyokuwa. Mzee akakaa. Mimi nikasimama nimejiegemeza ukutani, ukuta ule ule, kama mtu anayeushikilia usianguke. Pipa likazunguka. Nilisikia hewa ikitoka nyuma kwenye jabali, ikipuliza, na nikaomba kwa watakatifu wote wa kwao na mizimu yote ya kwetu. Mzee akasafisha koo mara mbili na kutaka kusema kitu. Bi Mkubwa akampa kahawa atafune.

Kengele ikalia. Mashine ikasimama.

"Mbona imezima?" aliuliza Mzee.

"Ulitaka isizime?" alijibu Bi Mkubwa.

Mzee akatazama chini, akakiona kile chandarua pembeni ya mguu wangu, kimeviringika na manyoya yake. "Na hiki nini?"

Maneno yote yalikuwa kwenye ulimi wangu, yamepangwa. Bi Mkubwa alikuwa ananitazama, hakuniomba kitu, hakukonyeza jicho. "Takataka," nikasema, nikakisukumia nje kwa mguu.

Na sasa sikia Mzee alichosema. Alisimama, akavaa kofia, akanipigapiga begani, akasema: "Ningejua mwenzako yuko hapa nisingepata wasiwasi njia nzima." Akamgeukia. "Asante, mama." Na Bi Mkubwa, aliyeliziba bomba kwa mikono yake mwenyewe, akaitikia kwa utulivu wa mtu aliyezoea kushukuriwa: "Si kitu." Nusura niing'oe ile draya nimtupie. Chumba kilibaki changu, lakini usiku ule sikula.

Mzee alituacha miaka michache baadaye, kwa ugonjwa mfupi. Wakati wa msiba watu walimfuata Bi Mkubwa kumpa pole kwanza, kisha wakanitafuta mimi, na nililia nikiwa na wivu hata wa pole. Tukaendelea na kazi. Hakuna aliyegusa ukuta. Tuligombana kuhusu sabuni, kuhusu nani kamkasirisha mteja, kuhusu redio yangu, na jioni tulirudi Buzuruga pamoja bila kusemezana, kila mtu na beseni lake.

Kisha magoti yakamkataa kabisa. Mwanawe akamjengea nyumba ndogo Mkolani, na siku ya kuondoka akaja Mirongo akaniwekea ufunguo wake mkononi, kwa ufupi, kama anayekupa kitu umshikie mara moja. "Fua na ukaushe," alisema. "Lakini tafuta mtu wa kukunja." Hivyo ndivyo nilivyopata vyote. Vyumba viwili, mashine mbili, wateja wote wakibisha kwangu. Wiki ya kwanza niliimba. Nilifungulia redio nilivyotaka. Baadaye nilianza kuizima, maana ukimya wa upande wa pili ulikuwa haunijibu chochote.

Nilienda Mkolani juzi. Nilikuwa nimechelewa kwenda, kazi nyingi, mtu mmoja vyumba viwili. Nilimkuta nje, kwenye kiti cha plastiki, miguu imenyooshwa kwenye kigoda, na mbele yake amepiga magoti mama mmoja jirani, mtu wa kwao, anampaka mafuta kwenye mashavu ya miguu. Walikuwa wanaongea Kihaya na kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile. Kwangu alikuwa anacheka kwa pua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Haikuvutwa hata kidogo. Ilitoka upesi, nyepesi, kama anavyoitikia mtu yeyote. "Umekuja. Huyu ni jirani yangu. Ananisaidia kila kitu, Mungu ambariki. Ananipikia, ananifulia."

Ananifulia. Nikageuka, nikaziona kwenye kamba: gauni lake la kijani, khanga zake mbili, shuka, zote zimefuliwa kwa mkono, zinachuruzika. Zimeanikwa ovyo, gauni limeshikwa kwa vibanio mabegani litoke alama. Yule mama akanitabasamia, mtu mwema kabisa, sina la kumsema. Nilimwonea wivu kuliko nilivyomwonea yeyote. Ile picha ya harusi, ile asante ya Mzee, zile pole zote, havikuwa kitu. Mwili mzima uliniwaka.

Nilikwenda kwenye kamba nikaanza kuanua.

"Mama, hazijakauka!" aliita jirani.

"Najua."

"Bi Mdogo," alisema Bi Mkubwa, "unafanya nini na nguo zangu?"

"Nazipeleka kazini." Nikazitia kwenye beseni lao, na shuka, na khanga, na kitambaa cha kichwa kilichokuwa kwenye ua. "Zikauke sawasawa. Jumamosi nitazileta mwenyewe, na chafu zote nizikute zimefungwa. Kila Jumamosi."

"Anafua vizuri huyu."

"Hajasema mtu kwamba hafui vizuri."

Jirani alikuwa amesimama na chupa ya mafuta mkononi, hajui ashike upande gani. Nikajitwisha beseni. Maji yakaanza kunichuruzikia shingoni, yakaingia mgongoni, ya baridi, nami nikaelekea barabarani bila kuaga vizuri. Nyuma yangu nikamsikia akimwambia yule mama, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutaka nisikie:

"Mwache aende nazo. Ana wivu huyo."

Nikakaza mwendo, asije akabadili mawazo.